Jibu la Mwalimu Mvua

Manasseh Omwenga alifundisha darasa la saba katika shule yetu ya Ekerenyo, na mimi sikumpenda. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta huruma mahali isipokuwepo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kutazamia watu kutoka juu, na alijua Kiingereza kutushinda sote, jambo ambalo hakutuacha tulisahau. Mimi nilikuwa na darasa la pili. Akinikuta uwanjani na watoto wangu tukihesabu punje za mahindi, alikuwa akisema, "Endelea, Loice, kila mtu na kiwango chake." Mkewe, Drusilla, ni binamu yangu, binti wa mama yangu mdogo, na mambo ya nyumbani mwao niliyapata kwake, jikoni, tukichambua mboga.

Pamoja na Kiingereza chote hicho, Manasseh alikuwa mwalimu wa daraja la chini kabisa, sawa na mimi. Kulikuwa na mtihani wa kupanda daraja, naye alishafaulu hesabu, jiografia na mengine yote. Kilichomwangusha ni Kiingereza chenyewe, tena sehemu moja tu: ile ya vifungu vifupi, ambapo unasoma mistari michache kisha unapewa majibu manne, uchague lile ambalo ni lazima liwe kweli kwa yale uliyosoma. Mwaka 1970 tukaambiwa kwamba vijana wenye vyeti vya chuo wanakuja, na kwamba ambaye hatakuwa amepanda daraja ifikapo mwisho wa 1972 atateremshwa kufundisha madarasa ya chini. Kwangu haikuwa habari, maana chini ndiko nilikokaa. Kwa Manasseh ilikuwa sawa na kuambiwa atavuliwa suruali siku ya soko.

Likizo ya Agosti mwaka huo tulikwenda mjini Kisii kwa kozi ya walimu. Mkufunzi wetu alikuwa Bwana Zachariah, Mkisii mwenzetu aliyesoma mbali akarudi na miwani na kicheko cha puani. Akaandika ubaoni kifungu kilichotoka katika mtihani uliopita. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini maana yake ni hii. Mzee mmoja alikwenda nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Mvua kubwa ikaanza kunyesha. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mzee alisimama uani mpaka mvua ikapungua, kisha akarudi kwake. Majibu ya kuchagua yalikuwa haya: A, mzee alikuwa amekosana na mwanawe, B, mzee alikuwa nje wakati mvua inanyesha, C, mwana hakuwepo nyumbani, D, mzee alikuwa mtu mwenye adabu.

Manasseh alisimama kabla hajaitwa. Akasema D.

Mkisii yeyote angesema D. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe ikimpiga utosini. Kuna heshima kati ya baba na mwana, na kati ya mzee na mke wa mwanawe, na kuna maneno ya mwili ambayo baba na mwana hawaambiani mpaka wanaingia kaburini. Kwa hiyo mzee aliyesimama uani penye mlango wazi hana fumbo lolote. Ni mzee aliyelelewa vizuri. Manasseh akayaeleza haya yote kwa Kiingereza cha kupendeza, akamalizia kwa kusema kwamba B ni jibu la mtoto mchanga, kwani nani asiyejua kuwa mtu aliyesimama nje yuko nje?

Zachariah alimwacha amalize. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mwalimu, kifungu kimesema mzee huyu ni Mkisii?"

"Hakikusema."

"Mtahini anakaa Ekerenyo?"

"Hapana."

"Basi hiyo adabu umeitoa wapi? Naona umeibeba kutoka kwenu kwenye kikapu pamoja na ndizi."

Watu wakaanza kucheka. Zachariah akaendelea bila haraka, akigonga ubao kwa chaki. "Jibu ni B. Ukisema wamekosana, umeongeza. Ukisema ana adabu, umeongeza. Na C imewekwa kwa ajili ya wale waliolala, maana mlango uko wazi na hakuna aliyesema mwana ametoka. Usiongeze, Mwalimu. Mtihani hautaki kujua mnaishi vipi huko kwenu."

Tulicheka mpaka madawati yakalia. Nusu yetu tulikuwa tumechagua D kimoyomoyo, na nadhani ndiyo sababu tulicheka kwa nguvu vile. Aliyecheka kutushinda ni Abner Nyasani, mwalimu mkuu wetu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anangoja kumwona Manasseh akianguka chini hadharani. Shule ilipofunguliwa, jina lilishafika kabla yetu. Manasseh akawa Mwalimu Mvua. Mawingu yakikusanyika, na Ekerenyo mawingu hukusanyika karibu kila alasiri, Abner alikuwa akimwuliza mbele ya wazazi, "Mwalimu, leo utasimama nje au ndani?" Watoto wakalidaka jina hilo, na wachuuzi wa soko wakalidaka kwa watoto.

Mtu mwingine angecheka pamoja na watu, jina likafa lenyewe. Manasseh hakujua kucheka. Alikwenda akakusanya mitihani ya zamani kokote ilikopatikana, akajifungia nayo kila jioni karibu na dirisha, akajifundisha kutoongeza. Na alipokwisha kujifunza kwenye karatasi, akahamia kwa watu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Manasseh aliikata methali hiyo katikati akaitia mkia wake mwenyewe: lisemwalo lipo, lisilosemwa halipo.

Drusilla akisema, "Kwa jirani wamekamata kuku wawili, lazima wana wageni," yeye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Umewaona hao wageni?"

"Sijawaona."

"Basi wana kuku wawili. Usiongeze."

Darasani ilikuwa hivyo hivyo, ila huko alikuwa na kiboko. Aliwasomea watoto habari ya msichana aliyerudi kutoka mtoni na mtungi mtupu, akauliza tunajua nini. Mmoja akasema mtungi umetoboka. Akachapwa. Mwingine akasema msichana alicheza njiani. Akachapwa naye. "Wewe ulikuwa mtoni? Ulimwona akicheza?" Mpaka wote wakajua kusema kwa pamoja kwamba msichana alirudi na mtungi hauna maji, basi. Na lazima niseme ukweli hata kama unanichoma: darasa lake lilianza kufaulu. Wazazi walimletea mikungu ya ndizi, nao wakamwita Mwalimu Mvua kwa heshima, jambo lililomuuma zaidi.

Halafu kukawa na siku ya Gesare. Huyu alikuwa msichana mpole wa darasa lake, akakosa shule kwa siku kadhaa, akarudi Jumatatu amenyolewa kichwa chote, ngozi inang'aa. Kwetu mtoto akinyolewa hivyo, hata kipofu akimpapasa anajua kuna kaburi jipya nyumbani kwao. Walimu tulikuwa tumesimama barazani. Manasseh akamwuliza alikuwa wapi.

"Nyumbani, Mwalimu."

"Nyumbani ni mahali, si sababu. Nani alikuwa mgonjwa?"

Msichana akatazama chini. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Babake alikuwa ameangukiwa na mti. Lakini mtoto wa kwetu hasemi maneno kama hayo akiwa amesimama mbele ya watu, ndiyo maana ananyolewa, ili asiulizwe. Manasseh akamchapa viboko vya utoro. Nilipomwambia baadaye kwamba msichana amefiwa, na kwamba kichwa chake kilikuwa kinasema, alinijibu, "Kichwa hakisemi, Loice. Yeye alikuwa na mdomo." Abner alikuwepo, akacheka kidogo, akaingia ofisini. Nilimchukia Manasseh siku hiyo kwa moyo wangu wote, na sikutubu Sabato iliyofuata.

Mtihani ukapangwa kuwa Agosti 1972, siku ya Alhamisi, katika juma la makambi. Sisi Waadventista tunajua maana ya juma la makambi: kijiji kizima kinahama na magodoro na masufuria kwenda kulala kwenye uwanja wa mikutano, kunasaliwa na kuimbwa kuanzia alfajiri, na huku nyuma kunabaki ng'ombe na wagonjwa. Manasseh hakwenda, kwa sababu ya mtihani. Drusilla hakwenda, kwa sababu alikuwa amejifungua mwezi uliopita. Ng'ambo ya kijito, kwenye mlima wa pili, walibaki pia wazazi wa Manasseh, Mzee Nyamongo na mama Orpah. Mwana wao mwingine alikuwa amepata shamba huko Nyansiongo, mbali, anafuga ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo mwana wa karibu alikuwa Manasseh peke yake.

Jumatano alasiri mvua ilikuja kama kawaida yake, tena kubwa. Manasseh alikuwa dirishani na mitihani yake. Akamwona babake amesimama uani, karibu na kichanja cha kuanikia pareto, kofia mkononi, maji yakimtiririka usoni. Mzee hakusogea hata kwenye baraza, kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa ndani ananyonyesha.

Mwana mwenye akili zake huacha alichoshika akatoka, akasimama na baba yake mvuani, wakaloa wote wawili, mpaka mzee aseme alichokuja nacho. Manasseh alikuja mpaka mlangoni, akasimama pakavu.

"Bwairire, Tata," akasema, yaani habari za jioni, baba.

"Bwairire," mzee akajibu. Kisha akasema, "Mama yenu hakupika leo."

"Hakupika?"

"Na jana hakupika."

Manasseh akangoja. Mzee alikuwa anaigeuza kofia yake mikononi.

"Kuni ziko," mzee akasema. "Unga pia uko."

Drusilla aliyasikia maneno hayo akiwa chumbani, na aliniambia kwamba maziwa yalimkauka mtoto akiwa bado kwenye titi. Kwani huko kwetu mwanamke anayeacha kupika kwa siku mbili, naye ana kuni na unga, ama amekasirika, na akikasirika mumewe haendi kuwatangazia wana, ama hawezi kusimama. Na ikiwa mzee hawezi kusema ugonjwa ni wa wapi, basi ni ugonjwa wa tumbo la uzazi, jambo ambalo ulimi wake hauwezi kulipeleka kwa mwanawe. Mzee alikuwa amesema yote. Kilichobaki kilikuwa ni mwana kusema, "Twende, Tata."

Manasseh akageuka ndani. "Drusilla, wapikie wazee ugali. Mfungie Tata kwenye jani la mgomba."

Ugali ukapikwa, na mzee akangoja pale pale uani. Manasseh mwenyewe ndiye aliyempelekea kile kifurushi, akanyoosha mkono kutoka barazani, mzee akasogea hatua, akakipokea kwa mikono miwili. Hakukikataa. Mvua ilipopungua alivaa kofia yake, akashuka kijitoni na ugali kwapani.

Drusilla akatoka chumbani. "Nenda kwa mama. Mama ni mgonjwa."

"Amesema ni mgonjwa?"

"Mzee hatembei mvua hii yote kuja kusema kwake hakujapikwa."

"Amesema hakupika. Nimewapa chakula. Usiongeze."

"Basi niache mimi niende."

"Na shati langu la kesho atapiga pasi nani? Gari linaondoka alfajiri."

Binamu yangu akatia makaa kwenye pasi. Nimewahi kumwuliza kwa nini hakutupa pasi chini akaenda zake, kisha nikaona aibu kwa kumwuliza. Alikuwa mama wa mtoto wa mwezi mmoja katika nyumba ya mtu aliyekuwa na jibu kwa kila kitu.

Alfajiri Manasseh alipoondoka, yeye alimfunga mtoto mgongoni akavuka kijito. Mzee alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Ugali ulikuwa juu ya kigoda, jani lake halijafunguliwa. Mama Orpah alikuwa amelala, amefunikwa blanketi ambalo Drusilla alipolishika liliuloanisha mkono wake kwa damu. Alikuwa anavuja hivyo tangu Sabato, akimkataza mumewe asiwaite watu wakamwona katika hali hiyo, ila amwite mwanawe tu, Mwalimu, ambaye atajua gari la kumpeleka hospitali. Drusilla alikimbia na mtoto mgongoni mpaka uwanja wa makambi. Wanaume waliacha kuimba, wakaja na machela. Mama Orpah alikufa wakiwa wamefika barabarani, wanangoja gari.

Saa hiyo mimi nilikuwa mjini Kisii, katika chumba cha mtihani, nyuma ya Manasseh. Nilimwona akifungua karatasi ya vifungu. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekuta mlango anaoujua. Hakusita hata mara moja. Mimi nilikuwa nikitafuna kalamu, nikiongeza kila kitu kwa kila kitu. Tulipotoka alininunulia chai na mandazi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Loice," akasema, "leo sikuongeza hata nukta." Alikuwa na furaha, na furaha ilimpendeza, na mimi nikamwambia nadhani amepita.

Tulishuka Ekerenyo jioni tukakuta watu wamesimama vikundi vikundi, na hakuna aliyemwita Mvua.

Baada ya mazishi alimfuata babake nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa hapo karibu nikiosha sufuria na wanawake, tukasikia. Akamwuliza, "Tata, kwa nini hukuniambia?" Mzee Nyamongo hakukasirika. Alikuwa amenyolewa, kichwa chake kidogo kuliko nilivyodhani.

"Nilikuja," akasema.

Tangu hapo hakukanyaga tena ua wa mwanawe. Akiwa na haja alikuwa akisimama barabarani mpaka mpita njia aende kumwita Drusilla, na anachotaka anamtumia kwa mdomo wa huyo huyo mpita njia.

Matokeo yalitoka kabla ya Krismasi. Mimi nilianguka, na nikaendelea na punje zangu za mahindi. Manasseh alipita, tena karatasi ya Kiingereza aliipita kutushinda wote tuliokwenda kutoka upande wetu. Darasa la saba likabaki lake. Abner Nyasani akaona afanye karamu ndogo ya chai ofisini, kwa mkate na siagi, na akamwalika Bwana Zachariah kutoka mjini aje aone matunda ya kazi yake.

Abner alitoa hotuba. Alisema jina la Mvua limekufa leo. Halafu, akiwa bado amesimama, kikombe mkononi, akasema, "Lakini kabla hatujalizika, Mwalimu atuoneshe kwamba amepona. Mzee alikwenda nyumbani kwa mwanawe. Mvua ikanyesha. Mlango ulikuwa wazi. Mzee akasimama uani, kisha akarudi kwake. Tunajua nini?"

Ekerenyo nzima ilikuwa inajua habari ya kile kifurushi cha ugali. Wapo wanaosema Abner alijisahau tu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na mtu aliyejisahau hatabasamu vile kabla ya kuuliza. Zachariah, ambaye hakujua lolote, alikuwa anamtikisia Manasseh kichwa kumpa moyo. Sisi wengine tulitazama vikombe vyetu. Nilikuwa nimetamani kwa miaka mingi kuwapo siku mtu huyu atakapovunjwa, na sasa nilikuwepo, na nikakiweka kikombe chini bila kunywa.

Manasseh alisimama na kuitengeneza tai yake.

"Jibu ni C," akasema.

Zachariah akacheka ile ya puani. "C, Mwalimu? Umepita juzi tu, umeshasahau? Mlango uko wazi. Hakuna aliyesema mwana ametoka."

"Najua," Manasseh akasema. "Lakini hakuwepo."

"C ni ya waliolala."

"Ndiyo, Bwana," akasema, akaketi, akavuta kikombe chake karibu. Abner akatuomba tumpigie makofi, nasi tukampigia.